Dirisha la Chumba cha Pasi

Mama mwenzangu, kama mwanao anafanya kazi mahali ambapo watu hupiga kura kumchagua msemaji wao, usimuulize tu nani kashinda. Muulize kura zao zinahesabiwaje. Mimi niliishia shule ya msingi, siasa siijui, lakini hili nimelijua kwa kifua cha mwanangu.

Kiwanda chetu kinashona mashati. Kuna ukumbi wa cherehani, ambako ndiko tuliko wengi. Kuna chumba cha wakata vitambaa. Na huko nyuma kabisa kuna chumba cha pasi, hakina dirisha. Kitinda mimba wangu alikuwa humo. Mvuke unapanda, unakosa pa kutokea, unawarudia watu. Akifika nyumbani anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikimwambia acha kazi, ananijibu, "Nikiacha tutakula nini, mama? Kikohozi?"

Zamani tulikuwa tunachagua msemaji mmoja wa kiwanda kizima. Kila mtu anataja jina moja, mwenye kura nyingi ndiye. Basi miaka nenda miaka rudi anashinda Spika, mshonaji mwenzetu tuliyempa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Si mtu mbaya. Lakini kachaguliwa na ukumbi, akiingia kwa bosi anasema ya ukumbi: feni, maji ya kunywa, na sasa viti vyenye egemeo. Watu wa pasi hata wakimpigia mwenzao wote kwa pamoja, hawafiki popote. Mwishowe wengine wakaacha hata kupiga.

Fundi mkasi wa chumba cha kukata ndiye aliyesema tubadilishe, kila chumba kiwe na mtu wake. Ukumbini pakachafuka.

"Yaani wale wa pasi, wachache vile, wawe sawa na sisi wote huku?" Spika akauliza. "Hiyo ni haki au kiini macho?"

"Basi chukueni wawili," fundi mkasi akasema. "Nyie wawili, sisi mmoja, pasi mmoja. Mmeridhika?"

Nikanyoosha mkono kukubali. Jirani yangu wa cherehani akanipiga kiwiko. "We mama, kwani uko timu gani?"

"Timu ya kifua."

Akacheka, naye akanyoosha. Wengi wakanyoosha, maana ukumbi uliona unapata wasemaji wawili badala ya mmoja. Ukumbi wakamchagua Spika na mwenzake, wakata vitambaa wakamchagua fundi mkasi, chumba cha pasi wakamchagua mwanangu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Bosi akawaambia wasemaji kwamba mwaka huu atatoa kitu kimoja tu, wapatane wenyewe. Mwanangu akasema dirisha. Fundi mkasi akamuunga mkono, kwa sababu mvuke unapita chini ya mlango na kulegeza vitambaa vyake. Spika na mwenzake wakasema viti. Wawili kwa wawili. Wakabembelezana, wakarushiana maneno, bado wawili kwa wawili.

"Dada, umewahi kukaa mle ndani hata kidogo?" mwanangu akamuuliza Spika.

"Mdogo wangu, nakuonea huruma, haki ya Mungu tena. Lakini nikirudi ukumbini bila viti, mwakani wananitoa. Walionichagua si nyie."

Na hapo ndipo tulipolala sote. Tuligawana nafasi ili asinune mtu, wala hakuna aliyeuliza kura zikilingana ataamua nani. Wakampelekea bosi. Bosi akajikuna kidevu, akasema kuvunja ukuta ni kazi kubwa, viti vinaletwa kesho.

Kwa msemaji mmoja tulikosa dirisha, na kwa wanne tumelikosa vilevile. Sisemi ni sawasawa. Zamani bosi hakujua kama huko nyuma kuna mtu anakohoa. Sasa anajua.

Kwa hiyo waulizeni wanenu mapema, kabla ya vigelegele. Nani anamchagua nani? Aliyechaguliwa akirudi mikono mitupu, anawaogopa kina nani? Na wakikwama, neno la mwisho la nani? Mimi nilifurahi kwanza, maswali yakaja nyuma.

Nilichoka kusubiri uchaguzi mwingine. Nikamwomba msimamizi tubadilishane, mwanangu akae kwenye cherehani yangu, mimi nishike pasi yake. Akakubali, kwake ilikuwa mamoja. Wenzangu wapya wa pasi wakanikabidhi na usemaji, si kwa sifa, ila hakuna mwingine aliyeutaka. Nikajifariji kwamba angalau nimepanda kura moja ya dirisha katikati ya ukumbi.

Juzi tukila nikamwambia mwanangu aanze kuwasemesha majirani zake, ili safari ijayo ukumbi nao uombe dirisha.

Akafikicha macho. "Dirisha ni muhimu, mama, mimi nani nikatae. Ila zile taa za ukumbini zinaua macho. Watu wote wanalia na taa. Nikianza na dirisha watanionaje?"

Nikamtazama. Tangu tukae kula alikuwa hajakohoa hata mara moja. Nikamsogezea sahani yangu amalizie, nikageukia pembeni nikakohoa mimi.