Mufereji wa Carine

Avenue yetu ilikuwa matope tupu. Tulipeleka maombi kwa meya, tukachoka. Tulifanya salongo, kazi ya mtaa mzima, kila Jumamosi, tukachimba mfereji wenyewe. Mvua moja tu, kazi yote ikaenda na maji.

Halafu meya akampenda Carine, muuza vitenge wa kwetu. Ana mke na watoto upande wa ofisi, lakini jeep yake ikaanza kulala huku. Siku moja ilikwama mbele ya mlango wa Carine. Juma lililofuata katapila likaja. Zikafuata taa, kisha mafundi wakaanza kujenga mfereji, nyumba kwa nyumba. Watu wakasema, huyu ndiye kiongozi.

Mama Mianda, mkubwa wa akina mama wa kanisa, hakusema hivyo. Kila Jumapili alimwomba Mungu amtenge meya na yule mwanamke, tena kwa sauti, mpaka Carine akaacha kuja ibadani.

Juzi Carine alimfukuza meya. Kesho yake mafundi hawakuonekana. Mfereji ulikuwa umeishia kwa Kabuya, nyumba moja kabla ya Mama Mianda.

Jioni hiyohiyo Mama Mianda alituongoza mpaka kwa Carine, kuku mkononi.

"Mwana wangu, umusamehe meya," akasema.

Carine akamtazama. "Mama, si weye njo ulikuwa unaomba tuachane?"

"Niliomba," Mama Mianda akajibu, akimkabidhi kuku. "Lakini Mungu amejibu mbio sana. Mufereji bado haiyafika kwangu."