Pengo la Punje Moja

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, ndipo mambo ya Kibwana sonara yalipoharibika. Kabla ya hapo alikuwa na kijicho tu, na kijicho mtu anaweza kuishi nacho.

Wakubwa wa maonyesho ya masonara pale Morogoro walikuwa wameleta picha ya hereni ya Kigiriki, ya zamani, kabla hata ya Nabii Isa. Dhahabu imepambwa kwa punje ndogo kama mbegu za mchicha, mamia kwa mamia, zimeshikana bila alama ya kulehemu. Sonara atakayeiiga vizuri, walisema, atakaa meza ya mbele. Kibwana alicheka. Morogoro nzima kazi hiyo aliijua yeye na marehemu mkewe, Mwanaheri. Yeye alikata dhahabu vipande, akavichoma ndani ya unga wa mkaa mpaka vikajiviringa vyenyewe. Mwanaheri alisaga kutu ya kijani ya shaba, akaichanganya na utomvu wa mgunga, akazigandisha punje moja moja kwa ncha ya unyoya wa kuku. Moto ukipita, zimeshika. Na kila hereni aliiachia pengo la punje moja chini kabisa. "Kazi nayo ipumue," alikuwa akisema.

Sasa Mwanaheri ana miaka miwili kaburini, na kipimo cha ule mchanganyiko Kibwana hakuwahi kumuuliza. Punje zake safari hii ziliyeyukiana kama uji ulioungua.

"Mzee wangu, meza ya mbele tumempa Luqmani," alisema Bi Angelina, afisa msimamizi wa maonyesho, Jumanne hiyo.

"Mngempa nani mwingine? Nyinyi mnaangalia duka lenye vioo. Sisi wa vibandani Mwembesongo mnatujulia wapi?"

"Mzee, kwani yako umeitazama?"

Watu wakacheka chinichini. Luqmani, kijana wa miaka thelathini na kitu, akaja na shikamoo yake. Kibwana hakuitikia. Alichukua hereni ya kijana, akasogeza kioo cha kukuzia, akatafuta kosa kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali wa mwenzie. Hakuna. Punje zimetulia, kila moja na kivuli chake. Akaigeuza. Chini kabisa, pengo la punje moja.

Kwenye picha ya Wagiriki pengo hilo halikuwepo.

"Hapa umesahau punje," alisema.

"Sijasahau, mzee. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na nani?"

Luqmani aliangalia viatu vyake. "Bi Mwanaheri. Alisema wewe hutaki kumfundisha mtu, na hakutaka kazi ife."

"Lini?"

"Alhamisi. Mwaka ule wa mwisho."

Tangu Mwanaheri augue, Alhamisi zilikuwa siku zake za kliniki. Kibwana hakumsindikiza hata moja. Mwanaheri aliondoka asubuhi na kadi yake mkobani, akarudi jioni, kucha zina ule ukijani wa siku zote, na Kibwana akakaa barazani kuwatukana waganga wakuu na serikali yao kwa kumchelewesha mgonjwa.

Bi Angelina alinyoosha mkono apewe hereni. Kibwana akaifumbata.

"Hizo Alhamisi, Luqmani," akauliza, "kliniki alikuwa anafika?"