Vinkubala vya Mama Benedicta

Vinkubala, vile viwavi vya kukaushwa, mimi sijawahi kuvipenda, na mama mkwe wangu, Mama Benedicta, alilijua hilo mpaka anaingia kaburini. "Mrundi gani huyu anaogopa kiwavi mfu?" alikuwa akinitania kwenye simu kutoka kwao Likasi. Namjibu, mama, kitu kinachonitazama sikili. Anacheka mpaka anakohoa. Basi mwaka 1998 akafa, sisi tuko Durban, na karatasi zetu za ukimbizi hazituruhusu kurudi kumzika.

Mume wangu Ruphin hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Akirudi kazini anakaa kitandani na viatu.

Matanga yakiendelea, msafiri aliyeunga mabasi kupitia Lusaka alituletea mfuko. Ndani vinkubala, marehemu alivianika kwa mikono yake. Kwao iko desturi: chakula cha mwisho cha mama kinapikwa siku ya kumaliza matanga, na mtoto wa kwanza anakula mbele ya watu kabla mwingine hajagusa. Asipokula, ni kama amemkana.

Nilivipika kwa nyanya na kitunguu, pua nimeibana. Chumba chetu cha Umbilo kilijaa watu wa kanisa. Tulishamaliza kusali, sahani iko mbele ya Ruphin, ndipo akaingia mdogo wake Apollinaire akitokea kiwandani Mobeni. Likasi alikuwa mwalimu wa biolojia. Hata koti hakuvua.

"Yaya, usile." Kwao yaya ni mkubwa wako.

"Unasema nini?"

"Krismasi ulikula kamba, koo likafunga. Daktari alikwambia nini?"

Jamani, siku ile! Midomo imekuwa ya bluu, mimi napiga kelele kwenye korido ya hospitali kama kichaa. Daktari alisema akirudia, huenda tusimfikishe.

"Kamba ni wa bahari," Ruphin alisema. "Hivi ni vya porini. Nimevila tangu utoto."

"Ulivila kabla mwili wako haujabadilika. Na viumbe hatuwagawi kwa mahali wanapoishi, yaya. Tunawagawa kwa maumbile." Akaokota kimoja kwenye sahani. "Tazama. Hana mfupa ndani, gamba lake liko nje, akikua analivua. Miguu ina viungo. Kamba ni hivyo hivyo. Kaa, buibui, tandu, jongoo, wote ukoo mmoja. Kamba ana miguu kumi ya kutembelea na vipapasio jozi mbili. Buibui minane, vipapasio hana. Mdudu sita."

"Sita?" nilidakia, hasira zimenipanda. "Shemeji, nimeviosha mimi! Hicho kina miguu tele!"

"Ya kweli ni hii sita ya mbele. Ya nyuma ni nyama tu ya kushikia jani, akishakuwa nondo haipo." Akamgeukia kaka yake. "Matawi ni mengi, shina moja. Kilichokudhuru kwenye kamba huenda kimo na humu. Labda hutapata kitu. Lakini ukipata?"

Watu wakaguna. Mama Coletha, kiongozi wetu wa maombi, akasema, "Mwalimu, hapa si darasani. Huyu ni mama yake."

Ruphin akashika kijiko.

"Sikumzika," alisema. "Hata hiki nisile?"

Na hapo ndipo akalia, mbele ya wote, kijiko kikiwa kimejaa. Nilimwonea huruma. Apollinaire naye analia, lakini ameshikilia mkono wa kaka yake, haachii.

Nikamnyang'anya kijiko.

"Libérate, wewe hivi huli," Ruphin alisema.

"Niache! Kanisani tulifungishwa ndoa tukaambiwa sisi ni mwili mmoja. Nani hapa hakuwepo?" Nikamtazama Mama Coletha. "Au siku ile mlikuja kula pilau tu?"

Nikatia mdomoni. Kile kigamba kikapasuka chini ya meno, nikatafuna hivyo hivyo, machozi yananitiririka.

"Mama Benedicta," nikasema kwa nguvu, "mwanao amekula."

Kisha Mama Coletha akasogea, akavuta sahani, akala wa pili, na wengine wakafuata. Apollinaire akauachia mkono wa kaka yake.

Nikachota tena, bila kuambiwa na mtu. Vilikuwa vitamu. Na niliyetaka kumwambia hayupo.