Himid na Sinema Yake ya Puani

Mume wangu Himid alirudi kutoka Dubai na miwani ya video, akaitembeza Mkunazini nzima kama aliyetunukiwa nishani. Lilikuwa dude jeusi la kuvaa machoni, lina vispika vya kuziba masikio na waya mrefu wa kuchomeka kwenye deki ya video. Ukilivaa, alisema, unaona sinema kubwa peke yako, na hakuna anayejua unaangalia nini.

"Na raha yake, Kazija, mashaallah," akaniambia.

Raha. Haikupita wiki alikuwa keshabandika pamba juu ya pua, maana dude lilimchuna. Likawa linamwelemea, akalifunga kisogoni kwa kanga yangu. Akiinuka anapepesuka, anashika ukuta. Nikimuuliza, anasema bado anazoea. Mimi sijaona starehe inayozoewa kama kiatu kinachobana. Na tena, nani anaangalia video peke yake? Kwetu video ni ya kuzungumza: aliyependeza asifiwe, aliyeazima dhahabu atajwe kwa jina.

Siku hizo nilikuwa nimewekeshwa mkanda wa harusi ya Yusra, binti wa jirani yangu Bi Mwanapili. Sherehe ilikuwa ya wanawake watupu, hata mpiga picha alikuwa mwanamke. Humo watu wamevua mabuibui, wamefumua nywele, wamecheza mpaka jasho likawatoka. Walikubali kupigwa picha kwa sharti moja tu, kwamba macho ya mwanamme yasiufikie mkanda ule. Wenye watoto wa kiume wakubwa hawakuaminiwa kuuweka. Nikaaminiwa mimi nisiye na mtoto, nikaapa mbele yao. Himid hakuna aliyemhofia. Yeye anajulikana kwa kuswali safu ya mbele.

Alhamisi moja tukapanga kuuangalia pamoja baada ya alasiri. Himid aliniambia atakuwa barazani na wenzake. Wanawake wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakatundika mabuibui yao jikoni, wakanifuata sebuleni na vicheko vyao.

Himid alikuwa amekaa kwenye kochi langu, kanga kisogoni, pamba puani, masikio yameziba. Waya ulitoka usoni mwake mpaka kwenye deki, na deki ilikuwa inafanya kazi. Hakutusikia wala hakutuona. Boksi la mkanda wa Yusra lilikuwa mapajani mwake, tupu.

Nilitaka kuwaambia anaangalia mpira. Nilikwishafungua mdomo. Yeye akanitangulia, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Lo, huyu Bi Mwanapili. Unene wote ule, kumbe kiuno anacho."

Bi Mwanapili alikuwa nyuma yangu. Alirudi jikoni, akavaa buibui lake, akavuta ushungi mpaka usoni, ndipo akaingia tena. Kule kujifunika kwake kuliniuma kuliko kama angenitukana. Akainama kwenye deki, akautoa mkanda, akautia kwapani.

"Nlikupa amana, Kazija," akasema. "Sasa n'tawambia nini watu?"

Wenzake walikwenda kuchukua mabuibui yao, wakatoka nyuma yake bila ya kuniaga. Nilijua hakuna hata mmoja atakayerudi kukaa sebuleni kwangu, na nilimchukia Himid, yeye na dude lake.

Yeye alikuwa bado amekaa, anaangalia giza, anagonga ubavu wa miwani kwa kidole.

"Kazija," akaita. "Umeme ushakatika tena?"

Nikamtoa kispika kimoja sikioni.

"Ushakatika," nikamwambia. "Kaa hapohapo uungojee."

Nikamrudishia kispika chake vizuri, kisha nikaenda jikoni. Buibui lililobakia msumarini lilikuwa langu peke yake. Nikalivaa, nikaenda kwetu.