Kaseti Inarudi Rugenge

Pale kijijini Sange neno la kwanza lilikuwa la Katekista Léopold. Msibani ni yeye, harusini ni yeye, hata kwenye mkutano wa bomba la maji ni yeye. Mtu akiizoea sana heshima huacha kuwasikiliza wengine. Ndiyo maana Ernestine alipofika kutoka Uvira na kamera yake, akasimama mbele ya kanisa kueleza jinsi chama chao kinavyofanya kazi, Léopold alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, huku akipanga sala yake ya kufungulia.

Chama hicho cha vijana wa mtaa wa Kimanga, huko Uvira, kiliwarekodi watoto waliotoroka vitani, kisha kikazipeleka filamu kwenye vijiji vyao ili wazazi wazione na kuzijadili. Vita vyenyewe vilikuwa havijaisha. Mchana ule waliziba madirisha ya kanisa kwa maturubai, wakaweka televisheni mezani, na watu wakajaa hadi mlangoni.

Sasa lipo jambo ambalo Léopold alikuwa hajamwambia mtu. Wapiganaji wa mlimani walipopita nyumba kwa nyumba wakidai kila familia itoe mtoto wa kulinda kijiji, wengi walitoa. Wengine walitoa kwa hofu, wengine kwa fahari, kama mtu anayetoa jembe lake kwa kazi ya wote. Léopold alikuwa na watoto wawili. Ciza, mvulana, ndiye wa kurithi shamba la mpunga, basi akamtoa Spès, binti wa miaka kumi na mitatu, akampeleka mwenyewe kwa wapiganaji hao alfajiri. Mkewe Geneviève alikuwa amekwenda msibani kwa wazazi wake. Aliporudi akaambiwa binti alikamatwa njiani akitoka kuteka maji. Tangu hapo mama wa watu alifunga kila Ijumaa, na Léopold, bila haya, akaongoza sala hizo yeye mwenyewe, akimwomba Mungu awaadhibu waliomkamata. Nikifika hapa naona aibu hata kusimulia.

Filamu ikaanza. Kwenye kioo alionekana msichana amekaa kwenye kigoda, ameipa kamera mgongo. Jina lake halikutajwa.

“Minye sikukamatwa,” alisema. “Minye nilitolewa.”

Sauti ile Léopold mwenyewe alikuwa ameifundisha Salamu Maria.

“Nani alikutoa?” aliuliza Ernestine ndani ya filamu.

“Muntu mwenye alinitoa iko na heshima kwetu. Sitamutaja, asipate haya mbele ya watu. Niko nauliza kitu moja tu. Nikirudi nyumbani, watanipokea?”

Filamu ilipoisha, Ernestine akaigeuza kamera kuelekea kwa watu na kuomba wajibu. Kama kawaida, macho yote yakamwendea katekista.

Angeweza kukaa kimya, na hata hilo lingekuwa na nafuu. Lakini uongo ukishalelewa huomba chakula kila siku. Léopold aliwaza jambo moja, kwamba msichana yule akirudi, Geneviève atajua. Akasimama.

“Muzazi mwenye anatoa mutoto wake si muzazi, ni munyama,” alisema, na watu wakapiga makofi. Makofi yakampa nguvu. “Lakini tusidanganyane. Mutoto mwenye ametoka mu pori ameisha haribika. Asirudi mbio mbio kati ya watoto wetu. Akae kwanza huko Uvira, aombewe.”

Wazee kadhaa wakaitikia. Ernestine aliendelea kurekodi mpaka wengine nao walipomaliza. Kisha akawashukuru wote.

“Kaseti hii inarudi Rugenge, kwenye nyumba tunalaza watoto, vile niliwaelezea asubui,” alisema. “Kila mutoto ataona kwao wamemujibu nini, na yeye mwenyewe ataamua kama anarudi. Ule wa leo aliomba tuanze na katekista. Alisema jibu ya katekista inamutosha.”

Léopold alimfuata mezani.

“Binti yangu, futa pale minye nimesema,” alinong'ona.

“Siwezi, Papa. Kaseti ni ya watoto.”

Geneviève alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka. Tangu filamu ianze hakuwa ameondoa macho kwenye kioo, na hata kilipozimwa aliendelea kukitazama. Mama humjua mwanawe hata kwa mgongo. Sasa aliinuka, akasimama mbele ya kamera, akaomba iwashwe.

“Spès, minye mama yako,” alisema. “Minye nilikuwa naambiwa ulikamatwa. Nitakupokea leo, nitakupokea kesho.” Akageuka. “Papa Ciza, kuya hapa. Simama pembeni yangu, mutoto akuone.”

Akaja. Angekwenda wapi, na mlango umejaa watu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Alisimama kando ya mkewe, akitazama sakafu.

“Minye njo nilimutoa,” alikiri.

Minong'ono ilikuwa imelijaza kanisa. Ernestine akainua mkono.

“Papa, haikusikika. Rudia, na utaje jina.”

Kusema mara moja kulikuwa kumemmaliza Léopold, na sasa alitakiwa kusema tena, kwa sauti, mbele ya wale wale waliompigia makofi.

“Minye Léopold, baba ya Spès, njo nilimutoa. Na mama yake nilimudanganya.”

Hakuna aliyemzomea. Mzee aliyekaa karibu alivuta miguu yake nyuma ili ampishe, bila kumtazama. Kuzomewa kungemfaa zaidi.

Geneviève alimwuliza Ernestine gari lao lingeondoka saa ngapi, akaambiwa ni sasa hivi. Akajifunga kitenge vizuri. Léopold akamshika mkono.

“Mama Ciza, twende wote. Nimuombe musamaha.”

Akautoa mkono wake polepole, bila hasira.

“Weye ubaki,” alisema. “Mutoto aone kwanza kaseti, yote, hata ile ulisema mbele, ya kwamba asirudi. Kisha yeye njo atasema kama anakupokea.”