Jeni Mia Tisa Kabla ya Saa Kumi

Zulaika alikuwa amejigamba, na Zulaika akijigamba Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, husikia. Alimwambia Daktari Ochwo, mtafiti wa mihogo kule Tororo: "Nipe jeni zako zote mia tisa za muhogo. Kesho saa kumi nitakuletea ndugu zao, jeni zinazofanana nazo, ziwe kwenye mpunga, ziwe kwenye mtama."

Daktari alicheka. Wasaidizi wake walikuwa wiki ya tatu wakibofya hifadhidata ya mtandaoni, jeni moja moja. "Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, usinipigie tena."

Kesho yake saa nane Zulaika alikaa nyuma ya ofisi ya baba yake, Mzee Mahmudu, wakala wa kutoa mizigo forodhani upande wa Uganda. Programu aliyoiandika ingeongea na hifadhidata moja kwa moja, bila mtu kubofya. Na kwa kuwa alikulia forodhani, aliiandika kiforodha: huko ukipeleka karatasi moja moja, lori lako linalala mpakani. Unazimwaga zote dirishani, kisha unapiga kelele.

Akazimwaga mia tisa kwa mkupuo.

Jibu likaja: *Maombi mengi mno. Umefungiwa nusu saa.*

"Imefungia laini ya Uganda tu," alisema Jamil, kaka yake mwenye boda. "Panda, nakupeleka Kenya!"

Wakavuka mbio, Zulaika kaikumbatia kompyuta kama mtoto mchanga. Ng'ambo akaweka laini ya Kenya. Hifadhidata, ikidhani ni mgeni mwingine, ikafungua. Akamwaga tena. Ikafunga tena.

"Sasa twende Kongo?" Jamil akauliza.

"Nyamaza, nasoma."

Alikuwa akisoma masharti, kwa mara ya kwanza. Ombi moja laweza kubeba jeni mia. Maombi yapishane kwa sekunde moja. Mwombaji ajitambulishe kwa barua pepe.

Waliporudi ofisini, saa tisa na nusu, Mzee Mahmudu alisikia masharti hayo akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Huo si mzigo wa kuchanganya? Wenye mali mia, lori moja! Na dereva anasalimu kwanza. Umekulia hapa hujui?"

"Baba, si wewe uliyenifunza kumwaga?"

"Mimi namwaga kwa sababu yule wa dirishani ananijua!"

Zulaika akaandika upya. Maombi tisa. Nusu saa ya kifungo cha laini ya Uganda ilikuwa imekwisha. Akajitambulisha, akabonyeza.

Majina yakaanza kushuka kama mvua: mpunga, mtama, mnyonyo, mti wa mpira, hata hamira!

"Muhogo na mnyonyo ni ndugu?" Mzee alishangaa.

"Wa karibu, Baba."

"Na hawaalikani harusini!"

Saa kumi kasoro dakika saba akatuma faili Tororo, kisha akazunguka meza mara nne, hawezi kukaa. Simu ikalia.

"Naziona zote mia tisa," alisema Daktari Ochwo taratibu. "Programu yako imechukua muda gani?"

"Sekunde tisa!"

"Mbona basi umetuma saa hizi?"

Jamil akaziba mdomo kwa shati.

"Nilikuwa Kenya, Daktari," alisema Zulaika.

Kicheko kikubwa kikapasuka upande wa pili, na ndani yake neno moja tu likasikika vizuri: "Jumatatu!"

Zulaika akatoka barabarani akipiga vigelegele, na madereva wa malori, bila kujua sababu, wakampigia honi.