Tangi Lisilopumua

Pikipiki ilizima tena mbele ya kiwanda cha matofali, palepale ilipozima jana yake, kwa uaminifu ambao watumishi wengi wa umma wangeuonea haya. Ilianza kwa kukohoa, ikaishiwa nguvu kama msemaji aliyesahau hoja yake, kisha ikanyamaza. Mpima damu aliiacha iserereke hadi kando ya barabara, akavua kofia yake ngumu, akatamka maneno ambayo mama yake hakumfundisha.

Wafyatua matofali walikwisha kumzoea.

"Karibu tena, dada," mmoja alimwambia. "Safari hii tukuwekee kiti?"

"Mwekee mama yako."

"Naye anaendesha?"

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Wahenga husema hasira hasara. Lakini hakuna mhenga aliyewahi kusukuma kwenye mpando pikipiki nzito kama ng'ombe, yenye masanduku mawili ubavuni, juani.

Hospitalini, katika chumba cha maabara alimotoa damu za watu na kuzisaili, alikuwa mtu wa utaratibu mkali: sampuli moja, swali moja, jibu moja. Msaidizi aliyebadilisha vitu viwili kwa mpigo alifukuzwa chumbani. Juu ya pikipiki hii utaratibu huo ulikuwa umemtoka. Wiki hiyo alikuwa amebadilisha plagi, chujio la hewa na mafuta ya injini, vyote siku moja, huku akitukana. Na kila injini ilipowaka tena hakujua ashukuru kipi.

Alikuwa na sababu ya kukasirika. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyezunguka nayo nchi nzima nusu ya maisha yake kabla ya sukari kumlaza. Kadi ya umiliki, tangu mazishi, ilikuwa na jina la kaka yake mkubwa, ambaye jamaa wote walimwita Mwenyekiti kwa kuwa hakuweza kunywa chai bila kufungua kikao. Mwenyekiti alikwisha kutoa azimio: ikizima tena, binamu yao anaichukua, anaifumua, anauza vipuri. Na kesho asubuhi ndiyo ilikuwa mwanzo wa likizo ya mpima damu, ya kwanza baada ya miaka mingi, aliyokusudia kuitumia kwenye barabara ya milimani aliyoisikia tangu utotoni katika hadithi za baba yake.

Alimpigia simu fundi. Fundi alifika na mkoba wake wa spana, na uso wa mtu aliyeitwa msibani.

"Nilikwambia ni kabureta, dada."

"Kabureta uliisafisha juzi!"

"Basi plagi."

"Plagi ni mpya! Nilizifunga mwenyewe! Wewe unatengeneza au unapiga ramli?"

"Punguza sauti, dada. Hata pikipiki inaogopa."

Alikuwa bado anamfokea pale fundi alipofungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akakirudisha. "Petroli ipo," alisema. Kisha akabonyeza kiwashio. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma kama isiyo na kosa lolote.

"Umeona?" Fundi alijifuta mikono. "Mkono wangu tu umeigusa."

Nyumbani Mwenyekiti alikuwa amesimama kibarazani, mikono nyuma.

"Imezima?"

"Imewaka."

"Sijauliza kama imewaka."

"Imezima, kaka. Umefurahi?"

"Mimi nifurahi nini? Mimi natekeleza tulichokubaliana." Alikuwa amekwisha kutoa simu mfukoni. "Binamu atapita jioni hii hii."

"Tulikubaliana nani na nani? Kikao ulikaa na nani, na kioo?"

"Heshima, tafadhali. Mama yuko ndani."

Mama alikuwa ndani, ndiyo, juu ya kochi lililokuwa bado na plastiki yake ya dukani. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoachwa wazi. Rimoti ilivikwa mfuko na kufungwa kwa mpira. Matundu ya umeme yasiyotumika yalizibwa kwa nta ya mshumaa, yakasawazishwa kwa kidole gumba, eti vumbi lisiingie. Wanawe walikua wakidhani kila nyumba iko hivyo. Walipogundua sivyo, walikuwa watu wazima, wala haikuwasumbua tena.

Binti alirudi uani na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mashine. Hasira ilikuwa bado kifuani, lakini hapakuwa na mtu wa kufokewa, na mtu aliyezoea kufoka akikosa wa kumfokea hubaki na kazi moja tu: kufikiri. Alijiuliza swali ambalo angemuuliza msaidizi yeyote wa maabara. Kabla haijawaka tena, kila mara, ni jambo gani moja lililofanyika?

Si plagi, kwani jana hazikuguswa. Wala si kabureta. Jana alifungua tangi mwenyewe kuhakikisha petroli. Juzi alilifungua fundi. Leo tena fundi. Kila mmoja alichungulia, akaona petroli, akafunga, akasahau kwamba alifungua.

Aliipanda pikipiki akazunguka mtaa, mzunguko baada ya mzunguko, hata majirani wakatoka kumtazama. Ilipokohoa na kuzima, hakusema neno. Alishuka. Akakifungua kifuniko polepole, sikio karibu.

Tangi lilivuta pumzi. Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, ya kitu kilichokuwa kimebanwa koo. Bila shaka ilikuwapo juzi, jana na leo; isipokuwa kila mara ilipotoka, yeye alikuwa akipiga kelele.

Petroli haishuki kutoka kwenye chombo kisichoingiza hewa. Hilo analijua kila aliyewahi kutoboa kopo la maziwa. Kwa ajili hiyo kifuniko hutengenezwa na kitundu kidogo, kando ya tundu la ufunguo. Alikigeuza kifuniko kuelekea mwangani. Kitundu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kidoti cheupe, laini, chenye alama ya kidole gumba.

Aliingia sebuleni na kukiweka kifuniko juu ya meza, mbele ya mama yake. Mwenyekiti alikuwa bado na simu sikioni.

"Tatizo limepatikana," alisema.

"Ni nini?"

"Muulize Mama."

Mwenyekiti alimtazama Mama. Mama alikitazama kifuniko. Plastiki ya kochi ililalamika chini yake.

"Vumbi," Mama alisema. "Niliona kitundu, nikasema vumbi litaingia."

"Mama."

"Na mvua."

"Mama, ingenizimia mlimani. Kwenye kona, lori nyuma yangu. Ulilifikiria hilo?"

"Nilifikiri haitafika mlimani!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Nilifikiri itazima hapo karibu, uchoke, urudi. Baba yenu alikuwa akiondoka nayo, mimi nabaki dirishani kusikiliza kila injini inayopita. Usiku na mchana. Sasa na wewe?"

"Mimi si Baba."

"Uso wake unao. Hasira zake unazo."

"Hizo nimezirithi kwako."

Mwenyekiti aliteremsha simu. Pengine kwa mara ya kwanza maishani alikuwa kwenye kikao kisicho na ajenda yake. "Binamu nimwambie nini?" aliuliza.

"Mwambie asije," Mama alijibu.

Alichomoa pini kwenye nywele zake. Binti hakumsaidia. Alisimama mikono kifuani na kumwacha achokoe nta, punje kwa punje, mpaka kitundu kikaonekana na mwanga ukapita.

"Ukifika utapiga simu?"

"Nitapiga."

"Baba yako alisema hivyohivyo."

Hakuna aliyeomba radhi. Radhi pia ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofunikwa nyumbani humo. Asubuhi Mama alisimama langoni, hakupunga mkono, wala binti hakugeuka. Mbele ya kiwanda cha matofali wafyatuaji walikuwa wametimiza ahadi yao: kiti cha mbao kando ya barabara, kimepanguswa vumbi. Alikipita bila kupunguza mwendo, meno yamebanwa ndani ya kofia, na injini haikukohoa.